Maua ya Prague: Ibada ya Watu Wasio na Kanuni ya Imani

Tarehe 9 Septemba 1832, mjini Boston, Ralph Waldo Emerson, ambaye umri wake ulikuwa miaka ishirini na tisa tu na ambaye wakati huo hapakuwa na mtu aliyemdhania kuwa mwanafalsafa, alipanda mimbari mbele ya usharika wake akaueleza kwa upole, walakini bila kumung'unya maneno, kwamba hawezi tena kuwaandalia Chakula cha Bwana; kwani kwa fahamu yake Yesu hakukusudia mkate na divai ya usiku ule iwe faradhi ya vizazi vyote, na kwani yeye mwenyewe hakuona uhalali wa kuongoza tendo ambalo moyo wake haukuwamo. Usharika haukuwa tayari kuiacha desturi hiyo, naye hakuwa tayari kuiendesha, basi wakaagana kwa heshima. Emerson akaenda zake kuandika vitabu, na Waunitari wenzake, watu wa dini inayofundisha kwamba Mungu ni mmoja asiye na nafsi tatu, wakabaki na suala aliloliacha mezani: watu wanaokusanyika siku ya Jumapili bila ya kanuni ya imani ya kuikariri, na ambao wengi wao wanaanza kuionea haya hata sakramenti yao ya mwisho, watakusanyikia nini?

Jamaa hao hawakuwa wageni duniani. Huko Transylvania, nchi ambayo leo ni sehemu ya Rumania, baraza lililokutana katika mji wa Torda mwaka 1568, chini ya mfalme John Sigismund, lilipitisha amri kwamba wahubiri waihubiri Injili kila mmoja kwa jinsi anavyoifahamu, na kwamba watu wasilazimishwe kumpokea mhubiri ambaye nafsi zao hazimridhii. Ferenc Dávid, mhubiri wa mfalme huyo, aliyefundisha kwamba Mungu ni mmoja na hana nafsi tatu, alifia gerezani katika ngome ya Deva mwaka 1579, baada ya nchi kushikwa na mtawala mwingine aliyekuwa na fikira nyingine. Waunitari wa Marekani walichipuka kwa njia yao, katika makanisa ya kale ya New England, na mtu aliyewapa msimamo ulio wazi ni William Ellery Channing, ambaye mwaka 1819, katika mji wa Baltimore, alihubiri kwa muda wa saa moja na nusu hivi juu ya kutumia akili katika kuyasoma Maandiko, mahubiri ambayo yalipigwa chapa na kusomwa nchi nzima.

Saa moja na nusu! Msomaji aangalie vizuri kipimo hicho, maana ndani yake mna jawabu ya kwanza ambayo Waunitari walilitolea suala la Emerson. Walikusanyikia mahubiri. Maudhui ya ibada yalikuwa ni jambo lolote lililokuwa moyoni mwa mhubiri juma lile, na mhubiri alipokuwa hodari, jawabu hiyo ilitosha. Theodore Parker, ambaye wenzake wengi walikataa kubadilishana naye mimbari kwa sababu ya fikira zake, alihubiri tangu mwaka 1852 katika ukumbi mkubwa wa muziki wa Boston mbele ya maelfu ya watu, na maudhui yake yalikuwa utumwa, ulevi, magereza, haki za wanawake na hali ya maskini wa mji. Na kwa kuwa aliwaficha watumwa waliotoroka na kuwatazamia wawindaji wao kubisha mlango saa yoyote, aliandika baadhi ya mahubiri yake na bastola ikiwa mezani. Mtu wa namna hiyo hahitaji mishumaa wala maandamano ya kuipamba ibada yake. Lakini akina Parker ni wachache, na Jumapili ni nyingi. Pale mhubiri alipokuwa mtu wa kawaida, aliyechoka au mwenye mafua, ibada iliyojengwa juu ya ulimi peke yake ilikuwa baridi, na waliohudhuria walitoka wamefundishwa pasipo kuguswa.

Jawabu ya pili haikutoka Boston. Ilitoka Bohemia, kwa mtu ambaye alikuwa amepita katika madhehebu matatu na kuzijua ladha zote.

Norbert Čapek alizaliwa tarehe 3 Juni 1870 katika mji mdogo wa Radomyšl, kusini mwa Bohemia, wakati nchi hiyo ingali chini ya wafalme wa Austria. Alilelewa katika Ukatoliki na kutumikia altareni alipokuwa mtoto. Alipofika umri wa miaka kumi na minane alikwenda Vienna kushona nguo katika karakana ya mjomba wake. Huko akakutana na Wabaptisti, akabatizwa, na muda si muda akawa mhubiri wao, akisafiri katika nchi za Ulaya ya kati na mashariki na kuanzisha makusanyiko mapya. Kadiri alivyohubiri ndivyo alivyozidi kufikiri, na kadiri alivyozidi kufikiri ndivyo alivyozidi kuwatia wasiwasi waliomtuma. Mwaka 1914 alihamia Marekani, akawa mchungaji wa Wabaptisti katika mji wa Newark, na huko tena akashitakiwa kuwa mzushi wa mafundisho. Mwaka 1919 alijiuzulu.

Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amemuoa Mája Oktavec, mzaliwa wa Bohemia aliyehamia New York na kupata kazi katika maktaba ya umma ya mji huo. Husimuliwa kwamba wazazi hao, walipokuwa hawana tena kanisa la kulitaja kuwa lao, waliwapeleka watoto katika shule za Jumapili za madhehebu mbalimbali na kuwauliza warudipo nyumbani wamefundishwa nini, na kwamba shule iliyowaridhisha watoto na wazazi pia ilikuwa ya Waunitari wa mji wa Orange. Iwe ndivyo au vinginevyo, mwaka 1921 Čapek na mkewe waliandikishwa katika usharika huo wa Orange, na mwaka huo huo wakarudi kwao, kwa msaada wa Waunitari wa Marekani, kuanzisha usharika katika mji wa Prague.

Nchi waliyoirudia haikuwa ile aliyoiacha. Czechoslovakia ilikuwa dola huru tangu tarehe 28 Oktoba 1918, na Kanisa Katoliki, ambalo watu wengi walilihesabu kuwa mshirika wa wafalme wa Austria, lilikuwa likilipa deni la urafiki huo. Siku sita tu baada ya uhuru kundi la watu liliangusha nguzo ya Bikira Maria iliyosimama katika uwanja wa mji mkongwe wa Prague, na hesabu ya watu ya mwaka 1921 ilionyesha kwamba zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamejitoa katika Kanisa hilo. Baadhi yao waliingia katika kanisa jipya la taifa, na wengine wengi hawakuingia popote. Rais wa nchi, Tomáš Masaryk, alikuwa mwanafalsafa aliyeacha Ukatoliki, na mkewe, Charlotte Garrigue, Mmarekani, alilelewa katika nyumba ya Waunitari. Hapakuwa na wakati bora kuliko huo kwa dini isiyomlazimisha mtu.

Lakini watu waliomjia Čapek walikuja na majeraha yao. Walikuwa wamechoshwa na mavazi ya kikuhani, ubani, Kilatini na kupiga magoti. Basi mikutano ya mwanzo ilikuwa hotuba tu, katika kumbi za kukodi, bila nyimbo, bila sala ndefu, bila joho. Watu walisikiliza, wakauliza maswali, wakaenda zao. Usharika ulikua upesi ajabu, lakini mchungaji, ambaye aliijua harufu ya altare kwa kuwa aliitumikia na aliujua uchangamfu wa Wabaptisti kwa kuwa aliuongoza, aliona kasoro ambayo mgeni katika mambo ya ibada asingeiona: watu hawa walikuwa na mwalimu mmoja, lakini wao kwa wao hawakuwa wamefungamana. Mkate na divai visingefaa kuwafungamanisha. Katika nchi ya Bohemia kikombe cha divai si kitu cha mchezo. Jan Hus alichomwa moto mjini Konstanz mwaka 1415, na wafuasi wake walipigana vita miaka mingi wakidai, pamoja na mengine, kwamba kikombe hicho kisiwe cha makasisi pekee bali kinywewe na watu wote. Kumpa divai mtu aliyetoka Kanisa Katoliki jana kungemrudisha katika yale aliyoyakimbia, na kumpa Myahudi aliyekuja kusikiliza kungekuwa kumfukuza. Ilimpasa Čapek apate kitu ambacho hakuna upande wowote uliokwisha kukipigania.

Akachagua maua. Juni 1923, Jumapili ya mwisho kabla ya likizo za kiangazi, alimwomba kila mtu aje na ua moja, lolote alipendalo, la bustanini, la kondeni au la kando ya njia, alilolichuma mwenyewe. Mlangoni palikuwa na vyombo vya maji, na kila aingiaye alitia ua lake humo kwa mkono wake, kuonyesha kwamba anajiunga kwa hiari, asishurutishwe na mtu. Vijana wakavichukua vyombo vilivyojaa hadi mbele na kuviweka mezani, mchungaji akayaombea baraka maua hayo na wale walioyaleta, na ibada ilipokwisha kila mtu akapita mezani na kutwaa ua moja, sharti lisiwe lile alilolileta. Hakuuliza ni la nani. Fundi alitoka na ua la profesa, na bibi kizee akatoka na ua la mwanafunzi. Na kwa tendo hilo, Čapek alivyolieleza, kila mmoja alikiri kwamba amempokea mwenzake bila kuchunguza tabaka lake, taifa lake wala dini aliyotoka. Sherehe ya maua ndilo jina alilolipa, akijihadhari na majina yote yenye harufu ya sakramenti.

Ukilitazama tendo hili kwa haraka waweza kuliona jambo dogo, pambo la watu wa mjini wapendao bustani. Msomaji wa pwani, ambaye ameketi katika maulidi akanyunyiziwa marashi viganjani na kupewa kishada cha asumini, hatalidharau upesi hivyo. Anajua kwamba kitu chenye harufu, kikipita kutoka mkono hadi mkono katika mkutano wa dini, huwafanya watu jamaa kwa namna ambayo hotuba, hata iwe na ufasaha wa namna gani, haiiwezi. Lakini tofauti ipo, nayo ndiyo iliyonivuta kuandika. Asumini ya maulidi ni takrima ya mwenye shughuli kwa wageni wake. Katika sherehe ya Prague hapakuwa na mwenye shughuli: aliyekuja mikono mitupu alipunguza ua moja mezani, na aliyekuja na ua alilipoteza. Sijui ibada nyingine ya zama hizo, katika madhehebu yenye kujiita huru, ambayo iliweka fundisho lake lote katika hesabu nyepesi namna hiyo.

Sherehe ikashika mizizi, ikarudiwa kila mwaka. Čapek alitunga nyimbo nyingi za kuimbwa katika ibada zake, maneno na hata sauti, kwani watu waliokataa kuimba nyimbo za wengine walikuwa radhi kuimba zao. Na Mája naye akawekwa wakfu kuwa mchungaji mwaka 1926. Usharika ulipata jengo la kale katika mtaa wa Karlova, karibu na daraja la Charles, ukaliita Unitaria, na mwaka 1930 serikali ikaitambua dini yao kisheria. Kabla ya vita usharika wa Prague ulikuwa na zaidi ya watu elfu tatu, na ulihesabiwa miongoni mwa sharika kubwa kupita zote za Waunitari ulimwenguni, kitu ambacho Boston yenyewe, pamoja na Emerson wake na Parker wake, haikuweza kujivunia wakati ule.

Machi 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Prague. Mwaka huo Mája alikwenda Marekani kuchangisha fedha za kuwasaidia wakimbizi, na vita vikamzuia kurudi. Mumewe alishauriwa akae nje naye akakataa. Tarehe 28 Machi 1941 Gestapo walimkamata Čapek pamoja na binti yake Zora. Mashitaka makubwa yalikuwa kusikiliza redio za nchi adui na uhaini, na mahubiri yake yaliletwa kuwa ushahidi. Mahakama ya Dresden ilimwona na hatia ya kusikiliza redio, ikamwondolea ile ya uhaini, ikampa adhabu ambayo kwa muda aliokwisha kukaa kifungoni ilikuwa karibu kumalizika. Gestapo hawakuijali hukumu hiyo, wakampeleka kambi ya Dachau. Oktoba 1942 alichukuliwa na wafungwa wengine waliohesabiwa kuwa wagonjwa hadi ngome ya Hartheim, katika nchi ya Austria, na huko akauawa kwa gesi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Mája hakuwa na habari za kifo hicho wakati alipokuwa akiihudumia meza ya maua katika nchi ya ugeni. Tayari mwaka 1940 alikuwa ameifanya sherehe hiyo kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Marekani, katika kanisa la Waunitari la Cambridge, Massachusetts. Akawa mchungaji katika mji wa New Bedford, na baada ya hapo akatumika miongoni mwa wakimbizi huko Misri. Wamarekani waliipenda sherehe, wakaieneza, na, kama ilivyo tabia ya wenye kurithi kitu cha mbali, wakaibadilisha kidogo: wengi wao waliirudishia lile jina la sakramenti ambalo Čapek alilikwepa kwa makusudi. Mimi naona hapo waliteleza, ingawa kuteleza kwao hakukulidhuru tendo lenyewe.

Kutoka vita hivyo hivyo ilitoka alama nyingine ambayo leo haikosekani katika ibada zao, nayo ni kikombe chenye mwali wa moto. Mwaka 1941, mjini Lisbon, Charles Joy, aliyeongoza huko kamati ya Waunitari ya kuwasaidia wakimbizi, alitaka muhuri wa kutia katika hati zake ili ziwe na heshima mbele ya mapolisi wa mipakani, akamwomba Hans Deutsch, mchoraji Mwaustria aliyekimbia Wanazi, amchoree. Deutsch hakuwa mtu wa kanisa. Joy aliufananisha mchoro huo na vikombe vya mafuta matakatifu ambavyo Wayunani na Warumi waliviweka altareni. Habari za kikombe cha Hus ziliungwa nao baadaye. Muda wa miaka zaidi ya thelathini ulikuwa muhuri tu na nembo ya karatasi, hata katika miaka ya 1970 na 1980 watu, bila amri ya makao makuu, wakaanza kuwasha kikombe cha kweli mwanzoni mwa ibada, na leo mtoto wa Kiunitari hawezi kufikiri kwamba palikuwa na Jumapili isiyokuwa nacho.

Wakati huo Waunitari wa Marekani walikuwa wamekwisha kuungana, mwaka 1961, na Wauniversali, yaani wale waliofundisha kwamba rehema ya Mungu haitamwacha mtu yeyote nje. Na katika ushirika huo wa wawili wanawake walianza kuuliza kwa nini katika nyimbo na sala kila mtu huitwa mwanamume. Azimio la mkutano mkuu la mwaka 1977 liliwaunga mkono. Mwaka 1980, katika mkusanyiko wa wanawake huko East Lansing, Michigan, Carolyn McDade na Lucile Longview walitunga ibada ya maji: kila mwanamke alikuja na maji kidogo kutoka kwao, ya mto, ya kisima, ya mvua au ya bahari, akayamimina katika bakuli moja huku akisema yametoka wapi. Jambo lililokusudiwa lilikuwa kwamba wale waliokuwa hawana sauti katika dini wamekutana kama vijito. Ibada ikaenea katika sharika, ikawa ya wote, ikawekwa Septemba, watu warudipo kutoka likizo. Na hapo ikapatwa na maradhi. Mmoja akamimina maji ya ziwa la Uswisi, wa pili ya mwambao wa Ugiriki, wa tatu ya maporomoko ya nchi za mbali, na yule ambaye hakuwa na nauli ya kwenda popote akabaki na maji ya bomba la jikoni kwake, akitafuta namna ya kuyamimina bila kuonekana. Sharika nyingi zimeona aibu hiyo na kuitengeneza ibada upya, nyingine kwa kuwazuia watu wasiseme maji yametoka wapi, nyingine kwa kutumia maji ya mahali pamoja. Maua ya Čapek hayakuwahi kuugua maradhi hayo, kwa kuwa hakuna ua linalotangaza lilikochumwa, na kwa kuwa kulitoa hasa ni kulipoteza.

Desturi ya karibuni zaidi, iliyoenea katika karne hii ya ishirini na moja, ni kugawa mwaka wa ibada kwa maudhui ya mwezi mmoja mmoja: mwezi huu shukrani, mwezi ujao msamaha, wa tatu ujasiri, kisha tumaini, na kadhalika; mahubiri, masomo ya watoto na vikundi vidogo vya mazungumzo majumbani vyote hufuata neno la mwezi. Orodha hizo hutungwa mapema, nyingine na kamati ya ibada ya usharika, nyingine huchukuliwa tayari na sharika nyingi pamoja. Faida yake ni dhahiri. Mchungaji hawezi tena kuwazungusha watu mwaka mzima katika jambo moja alipendalo yeye, mzazi na mtoto hurudi nyumbani na mazungumzo yale yale, na sharika ndogo zisizo na mchungaji, kama zilivyo nyingi nje ya Marekani, hupata pa kuanzia. Katika upande wetu wa dunia Waunitari ni wachache mno. Usharika wa Bujumbura, ulioanzishwa mwaka 2002, ulisumbuliwa sana katika fitina za mwaka 2015, hata kiongozi wake akatiwa kizuizini na kulazimika kuihama nchi, na kwa watu wa hali hiyo ibada inayoweza kuendeshwa na yeyote aliyepo si anasa.

Hata hivyo orodha za miezi huchakaa. Neno lililokuwa na nguvu mwaka juzi huonekana kavu mwaka huu, kamati hukaa tena, hufuta, huandika. Katika sharika nyingi za Marekani mwaka wa ibada hufunguliwa Septemba kwa maji na kufungwa Juni kwa maua, kwa kuwa wachungaji wa zamani wa Boston walizoea kufunga makanisa yao wakati wa joto. Na kamati, ikiwa na kalamu yake, hufanya kazi katika miezi iliyobaki katikati, ikiyapanga na kuyapangua maneno kwa jinsi inavyoona vyema, pasipo kuigusa miwili ile ya mwanzo na mwisho, ambayo haikutoka katika orodha ya kamati yoyote.